Koti la Mabaki

Jumamosi saa mbili asubuhi, koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa chumba cha mbele, na fundi alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi, hanywi.

Lilikuwa koti refu, la kupita magoti. Sehemu ya mbele ilikuwa jinzi za mitumba zilizofumuliwa na kuunganishwa upya, buluu juu ya buluu, kazi safi ambayo fundi mwenyewe asingeona haya kusema ni yake. Mgongo na mikono yote miwili vilikuwa vya kitambaa cha zambarau chenye ndege wa rangi ya dhahabu. Ndege hao walikuwa wazima. Walipanda kutoka kwenye upindo hadi kwenye kola bila hata mmoja kukatwa kichwa wala mkia, na mikononi walifuatana kutoka begani hadi kwenye kifundo kama watu waliopanga foleni.

"Hivi ndivyo ulivyolishona," fundi alisema.

"Ndivyo," binti yake alijibu. Alikuwa amelishonea kwenye karakana ya chuo chake cha zamani, ambako bado aliruhusiwa kutumia cherehani, na kulileta nyumbani usiku uliopita, likiwa ndani ya mfuko, ili awashangaze. Sasa alingoja mshangao.

"Nilikwambia ukate vidogo vidogo."

"Ulisema."

"Vya ukubwa wa kiganja."

"Baba, hili tumefundishwa mwaka wa kwanza. Kitambaa kilichookolewa hukikati zaidi ya pale kinapolazimika. Ukikikatakata unakiua mara ya pili."

Mama mtu alikuwa amekaa dirishani anatia vifungo kwenye shati la mteja. Hakuinua macho. "Na hiyo mara ya kwanza alikiua nani?" aliuliza.

Fundi aliweka kikombe juu ya cherehani, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa haramu, akauliza ni akina nani watakaohudhuria hayo maonyesho.

"Watu wa maana. Wenye maduka, wenye hoteli, vyama vya akina mama."

"Vyama gani?"

"Vyama tu, baba. Wanaalikwa wajaze viti."

Fundi alilizunguka koti, akashika upindo wake, akauangalia upande wa ndani. Bitana ilikuwa ya kijivu, iliyotolewa kwenye suti ya mtumba. "Haliwezi kuvaliwa ndani nje?" alisema. "Hii bitana nayo inapendeza."

Binti alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kwa kuwa chuoni aliwahi kuona nguo za namna hiyo zikishangiliwa. Kisha akatikisa kichwa. Alimwonea baba yake huruma, kama wasomi wanavyowaonea huruma watu waliowalipia ada. Tangu ahitimu alikuwa na kadi zilizochapwa neno Mbunifu chini ya jina lake. Mtaani waliendelea kumwita binti fundi, naye alivumilia, akijua kwamba mtaa huchelewa kupata habari. Mtaji wake ulikuwa marobota ya mitumba aliyoyachambua mwenyewe na gunia la mabaki lililokaa chini ya meza ya kukatia ya baba yake. Gunia hilo halikuwahi kupungua. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Alilishusha koti, akalikunja juu ya mkono, akaondoka.

"Mungu akipenda hawatakuja," fundi alimwambia mkewe.

"Walialikwa," mkewe alisema, akakata uzi kwa meno. "Chakula bure, viti bure. Watakuja."

*

Walikuja. Chama kizima cha akina mama kilikaa safu ya pili, na kwa kuwa kilikuwa kimealikwa kama chama, kilivaa sare. Sare hiyo ilikuwa gauni la zambarau lenye ndege wa dhahabu, na mikono yake iliishia juu ya kiwiko.

Binti fundi hakuwaona. Alikuwa nyuma ya pazia akiwapanga wanamitindo, na sare hizo hakuwahi kuziona, maana zilishonwa mwaka wake wa mwisho chuoni, wakati akiishi bwenini. Zamu yake ilipofika alipewa kipaza sauti, akatoka hadi kwenye ukingo wa jukwaa, taa zikampiga usoni.

"Kila kipande mtakachokiona kilikuwa njiani kuelekea jalalani," alisema. "Hakuna aliyekitaka. Wenyewe walikitupa, wakakisahau. Mimi nilikiokota, nikakiuliza: wewe ulitaka kuwa nini?"

Ukumbi ulitulia. Maneno hayo aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo, na kila alipofika kwenye swali alipenda kunyamaza kidogo, kana kwamba kitambaa kinajibu.

Koti lilitoka mwisho. Msichana mrefu aliyelivaa alitembea hadi ukingoni, akageuka, akawapa watu mgongo. Ndege wote wakaonekana.

Katika safu ya pili mweka hazina wa chama, mwanamke mwembamba asiyejua kunong'ona, alimgusa mwenyekiti. "Mwenyekiti. Yule ametuvaa."

"Ninaona."

"Angalia mikono."

Mwenyekiti aliiangalia. Ilikuwa mirefu, na mwishoni ilikunjwa mara moja, kwa anasa, kama kitu kilichozidi. Kisha akauangalia mkono wake mwenyewe. Alikuwa ameagiza mikono mirefu. Fundi alimpima mbele ya wenzake, akatandaza kitambaa mezani, akakivuta huku na huku kwa huzuni kubwa, akasema, "Kitambaa kimegoma, mama. Tukilazimisha mikono, gauni litakubana kiunoni." Wenzake wote wakageuka kukiangalia kiuno chake. Akakubali mikono mifupi. Tangu siku hiyo alikuwa akitetemeka kwenye kila ukumbi wenye kiyoyozi, na mwishowe alinunua mtandio wa kujifunika, ambao hata siku hii alikuwa nao mabegani.

Mwenyekiti aliuvua mtandio, akasimama. Nia yake ilikuwa kusema jambo. Chama, kwa kumwona amesimama, kilisimama chote.

Mstari wa mbele kulikuwa na mnunuzi, bwana mwenye duka la nguo ndani ya hoteli ile yenye ukumbi. Aligeuka kuona ni nani waliosimama. Akawaona wanawake waliovaa kitambaa kile kile kilichokuwa jukwaani, safu nzima, nyuso nzito, wamenyooka. Akaangalia koti, akawaangalia tena. Kisha akasimama na yeye, akaanza kupiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu, akiwageukia wao, na ukumbi ukamfuata. Wapiga picha waliliacha jukwaa, wakakimbilia safu ya pili.

Ni vigumu kushtaki wizi katikati ya makofi. Mwenyekiti alibaki amefungua mdomo kwa muda, kisha mdomo ukajipanga wenyewe kuwa tabasamu, na mkono ukainuka kupunga.

*

"Lile la mwisho," mnunuzi alisema nyuma ya pazia. "Kuwaleta wenye mabaki wenyewe, wamevaa kitambaa kile kile, halafu wanasimama. Uliwapanga wewe?"

Binti fundi alikuwa amechungulia na kuyaona yote. Jalala alilijua kwa vitabu, ila gauni alilijua kwa kuzaliwa. Aliweza kuona gauni likipita barabarani na kusema lilikula kitambaa kiasi gani. Aliyaona magauni ya safu ya pili, akakumbuka vipande alivyovitoa kwenye gunia, vikubwa, vilivyokunjwa vizuri, vingine vikiwa bado na alama ya chaki ya baba yake. Akaelewa. Kuelewa kulimchukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

"Ndiyo," alimwambia mnunuzi. "Ndio waliotoa mabaki."

Mwenyekiti aliingia wakati huo huo, mweka hazina nyuma yake. Mnunuzi alimpokea kwa mikono miwili.

"Mama, nyinyi ni mfano. Wengine wangetupa."

Mwenyekiti alimtazama binti fundi juu ya bega la yule bwana. Aliutazama uso ule kwa makini, akaona kwamba unamwomba, akaona pia kwamba hauoni aibu ya kutosha. "Sisi hatutupi," alisema.

"Tukizindua dukani, mtakuja? Chama chote, na sare zenu. Magazeti yatakuwepo."

"Tutakuja," mwenyekiti alisema.

Mnunuzi alimgeukia binti. Koti analichukua sasa hivi, akaliweke kwenye kioo cha duka. Anataka mengine ishirini. Zambarau hiyo hiyo, ndege hao hao, mgongo mzima, mikono mirefu. "Lakini yawe mabaki ya kweli. Usiniletee kitambaa cha jora. Wateja wangu ni watu waliotembea, wanajua tofauti. Ukishindwa niambie sasa, kuna vijana wengine."

Koti moja lingeuzwa kwa bei ambayo fundi alitoza kwa magauni manane. "Sishindwi," binti alisema.

Mnunuzi alipoondoka na koti, mwenyekiti alimsogelea binti, akamwekea mkono begani kama mama mzazi. "Mwanangu, msalimie baba yako. Mwambie Jumatatu tunakuja kumjulia hali."

"Na tepu ya kupimia tunayo," mweka hazina alisema. "Asijisumbue kutafuta."

*

Nyumbani waliketi watatu kwenye chumba cha mbele, cherehani katikati yao.

"Walileta kiasi gani?" binti aliuliza.

"Cha kutosha," fundi alisema.

"Cha kutosha mikono mirefu?"

Fundi alijikuna shingo. "Kila fundi huacha akiba. Kitambaa husinyaa kikifuliwa. Mkasi huteleza. Mteja hunenepa kati ya kupimwa na kuvaa."

"Hakuna aliyenenepa mita nzima, baba."

"Yule mwenyekiti kidogo tu afike."

"Mweka hazina wao ameniambia ulimfedhehesha mbele ya watu, ukamwambia kiuno chake ndicho kilichokula mikono."

"Nilimwambia kitambaa kimegoma. Kiuno alikitaja nani? Walikiangalia wao." Akainama kuokota pini sakafuni, na akiwa chini akasema, "Nilikwambia ukate vidogo. Vya kiganja nani angevijua? Mwenye kitambaa mwenyewe asingevijua."

"Hukuniambia kwa nini."

"Mtu hamwambii mwanawe kwa nini."

Binti alianza kusema juu ya uaminifu, na kwamba jina lake sasa limefungamana na kitu hiki, na kwamba yeye alisimama mbele ya watu akasema wenyewe walikitupa. Alisema vizuri. Tasnifu yake ya mwisho ilikuwa juu ya nyumba hii hii, juu ya fundi wa kawaida ambaye bila kusoma popote anaheshimu kila uzi, na ilipata alama za juu.

Mama mtu alimwacha amalize. "Gauni lako la kuanzia shule lilikuwa la mke wa daktari," alisema. "La mahafali lilikuwa la mke wa mwalimu mkuu, tena mwalimu mkuu akakusifia. Mashuka unayolalia yalikuwa mapazia ya benki. Katika nyumba hii hakuna nguo iliyonunuliwa dukani ila soksi. Wewe ulidhani tunaokoa nini humu? Tulikuwa tunakuokoa wewe."

Nje mtu alipita akisukuma toroli la mitungi ya gesi, likapiga kelele hadi mwisho wa mtaa. Fundi alimtazama binti yake kwa upole, akingoja machozi au matusi, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Kimebaki kingine?" binti aliuliza.

"Kipi?"

"Cha zambarau. Kwenye gunia."

Fundi na mkewe walitazamana. Lilikuwa jambo la kuwatia moyo wazazi wowote kuona kwamba elimu haikumharibu mtoto.

"Kidogo," fundi alisema. "Koti moja. Ukibana, mawili."

*

Jumatatu walikuja wanachama watano, magauni yao yamekunjwa ndani ya mifuko. Hawakupiga kelele, hata walivua viatu mlangoni. Mweka hazina alitandaza gauni la kwanza juu ya meza ya kukatia, akatoa tepu, akapima upindo, akapima kifua, akapima mikono, akitaja kwa sauti kila kipimo kinapoishia, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto mvivu.

"Akina mama," fundi alisema, "karibuni viti. Mnajua mila ya kazi yetu. Mabaki ni ya fundi. Aliyenifunza alinifunza hivyo, na aliyemfunza yeye vile vile."

"Mabaki ni kile kinachobaki," mwenyekiti alisema. "Hiki hakikubaki. Hiki kilibakizwa."

Mweka hazina alicheka peke yake. Fundi alitafuta pa kuweka mikono, akaiweka mifukoni, akaitoa.

"Nilitetemeka mwaka mzima, fundi," mwenyekiti aliendelea. "Nikawa namlaumu mtengeneza kiyoyozi."

"Nitashona mikono, mama. Bure. Kwa wote."

"Utashona, na bure ni lazima. Kabla ya uzinduzi. Siwezi kusimama mbele ya magazeti na mikono mifupi kando ya koti lenye mikono yangu."

Binti fundi aliinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa polisi, kwa mnunuzi kupigiwa simu, kwa kila kitu isipokuwa hili. "Kwa hiyo mtakuja kwenye uzinduzi?"

"Tulikwishasema tunakuja. Picha zetu zimesambaa, wewe hujaona? Mjomba wangu wa mbali amenipigia kunipongeza kwa ukarimu." Mwenyekiti alilikunja gauni lake taratibu. "Nikisema leo tuliibiwa, tutaonekana wajinga, chama kizima. Nikisema tulitoa, sisi ni wafadhili. Basi tulitoa. Ila na kilichobaki turudishiwe. Lete hilo gunia."

Gunia lilivutwa kutoka chini ya meza, likamwagwa sakafuni. Wanawake walichuchumaa, wakaanza kuchambua. Ya zambarau walijiwekea, na walipomaliza ya zambarau walikutana na ya gauni la mazishi la mmoja wao, ya koti la mume wa mwingine, ya mapazia ambayo mwingine aliambiwa yamepunguka, ndiyo maana dirisha lake la chumbani halifunikiki vizuri hadi leo. Mweka hazina alikusanya hata vile visivyozidi kidole, vya kujazia mito.

"Mama," binti fundi alimwambia mwenyekiti, "hayo ya zambarau ndiyo ya agizo. Nimeahidi."

"Haya ni yangu, mwanangu. Wewe umeyaokoa vya kutosha. Yaache yapumzike."

Mmoja wao, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, alikuwa akimtazama mke wa fundi. "Na hicho kilemba?" aliuliza.

Kilikuwa cha kijani, chenye mistari myembamba. Mke wa fundi alikuwa amekivaa miaka mingi, kiasi kwamba hakukumbuka kwamba kilikuwa na mwanzo. Alinyanyua mikono, akakifungua. Nywele zake zilikuwa na mvi ambazo binti yake hakuwahi kuziona. Alikikunja mara mbili, akanyoosha mikunjo kwa kiganja, akakiweka juu ya meza pamoja na vingine.

Yule mwanamke alikitazama, na uso wake ukabadilika kidogo. "Basi, dada, we kivae tu," alisema.

"Chukua," mke wa fundi alisema.

Akakichukua.

Walipotoka, gunia lilikuwa limelala sakafuni kama ngozi ya mnyama. Fundi alilikung'uta, likatoa vumbi na kifungo kimoja. Magauni matano yalikuwa mezani yakingoja mikono, na vipande vichache vya zambarau walivyoacha kwa ajili ya mikono hiyo havikufika hata mikono ya watatu, maana kilichopungua kilikuwa kwenye kioo cha duka la hoteli, kimewashiwa taa.

"Itabidi ninunue," fundi alisema. Hakuwa amesema neno hilo kwa muda mrefu sana.

"Nitanunua mimi," binti alisema. "Mnunuzi ametoa kianzio."

*

Kesho yake mchana muuza vitambaa alishusha jora la zambarau kutoka rafu ya juu, akalipiga kofi la kutoa vumbi, akalifungua mezani. Ndege wa dhahabu walijitandaza.

"Hiki kilipendwa mwaka juzi," alisema. "Tangu hapo kimelala. Unataka kiasi gani?"

Binti fundi alitaja. Muuzaji aliacha kukunjua.

"Hilo ni karibu jora zima. Unashonea kwaya?"

"Makoti."

"Sawa." Alichukua rula ya mbao na mkasi.

"Usikate moja kwa moja," binti alisema. "Nikatie vipande. Vingine vya mgongo, kama hivi. Vingine vya mkono. Visilingane. Na pembeni usinyooshe mkasi, upindishe kidogo."

Muuzaji alimtazama. "Nikiharibie?"

"Upindishe tu."

"Dada, watu huja hapa kunigombeza nikipindisha."

"Mimi sikugombezi."

"Na bei ni ile ile. Sipunguzi kwa sababu ya kupindisha."

"Sikuomba upunguze."

Muuzaji alikata. Mwanzoni mkono wake ulikataa, kila alipotaka kupinda ukanyooka wenyewe, na binti alilazimika kumshika kiwiko na kumwelekeza. Kufikia katikati ya jora alikuwa amezoea, akawa anafurahia, akakata kipande kimoja chenye umbo la kiatu, akamwonyesha. Binti akakikubali. Walivipanga kwenye mfuko bila kuvikunja, ili vijikunyate vyenyewe. Alilipa, akadai risiti, kisha akabadilisha mawazo akasema hakuna haja ya risiti.

Kwenye kiini cha jora kilibaki kipande cha mwisho, kifupi, upande mmoja umefifia kwa jua la dirishani, upande mwingine una doa la gundi.

"Hiki hakiuziki," muuzaji alisema. "Chukua bure, umenunua vingi."

Binti fundi alikishika, akakinyoosha dhidi ya mwanga, akahesabu ndege. Wawili walikuwa wazima, wa tatu hakuwa na kichwa.

"Hapana," alisema. "Hiki sina pa kukitumia."

Akabeba mfuko wake, akatoka. Muuzaji alifuta rula kwa kile kipande, akakitupa kwenye pipa.